Hata Akii-Bua aliwahi kuwa mkimbizi

Alasiri ya Agosti 12, 2012 nilikuwa stendi ya Mbarara, nikisubiri teksi ya kwenda Nakivale kumsalimia mama mkubwa. Stephen Kiprotich alikuwa ametoka kuwabwaga Wakenya katika marathoni ya Olimpiki jijini London, na stendi nzima ilikuwa imezunguka redio.

Kondakta akauliza dhahabu ya kwanza ya Uganda ilipatikana lini. Kila mtu alitaja mwaka wake. Nikamwambia ni 1972, Munich: John Akii-Bua, mita 400 kuruka viunzi, sekunde 47.82, rekodi ya dunia.

"Na wewe mkimbizi umeyajuaje ya kwetu?" akadakia abiria mmoja. Watu wakacheka. Nami nikacheka, ila liliniuma. Nilizaliwa Nakivale na kusoma pale hadi tuliporudi Rwanda, na hesabu za viunzi nilifundishwa na mwalimu wa palepale kambini.

Nikamjibu: "Mzee wangu, Idi Amin alipong'olewa mwaka 1979, Akii-Bua alikimbilia Kenya. Naye alilala kambi ya wakimbizi."

Pakawa kimya. Kisha kondakta akafungua mlango: "Mwalimu, wewe kaa mbele."

Nauli nililipa kama wengine. Lakini kisa hicho huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka, hasa wanaponitania kwa jina walilonibandika huku nyumbani: Mganda.