Neno Moja Tu: Jinsi Mchezo wa Columbo Ulivyotungwa

Katika hadithi nyingi za upelelezi msomaji hufichwa jina la mwuaji mpaka karibu na mwisho, na starehe yake yote imo katika kubahatisha. Mchezo wa televisheni uitwao Columbo, uliotengenezwa Marekani na kampuni ya Universal, uliigeuza kanuni hiyo juu chini. Mtazamaji humwona mwuaji akiua. Hulijua jina lake, nyumba yake, na sababu iliyomsukuma. Kisha, baada ya robo saa au zaidi, huingia afisa mmoja wa polisi wa Los Angeles, mtu mfupi, koti lake la mvua limekunjamana, sigara kubwa mkononi, naye huanza kuuliza maswali ambayo kwa sikio la kwanza hayana maana yo yote. Swali linalobaki si nani aliyeua, bali ni kwa maneno gani atanaswa. Kwa hiyo mchezo huu wawahusu wataalamu wa lugha kuliko michezo mingine ya jamii yake. Karibu kila litendekalo baada ya mauaji hutendeka kwa mazungumzo, na kichekesho chake hutoka katika adabu.

Watunzi wake walikuwa wawili, Richard Levinson na William Link, ambao walijuana tangu wakiwa wanafunzi huko Philadelphia na wakaandika pamoja kwa miaka mingi. Namna hii ya kutanguliza mauaji si wao walioibuni, Mwingereza R. Austin Freeman aliitumia katika hadithi alizozikusanya katika kitabu cha mwaka 1912. Tena Link na Levinson hawakuficha kwamba mpelelezi wao ana damu ya Porfiry Petrovich, yule hakimu wa Dostoevsky ambaye humzungusha mshtakiwa kwa maneno mengi ya upole hata mshtakiwa akachoka na nafsi yake. Lakini Porfiry hachekeshi sana. Kichekesho kilikuja baadaye, na kwa njia ambazo hazikupangwa zote.

Jina la Columbo lilisikika kwa mara ya kwanza tarehe 31 Julai 1960, katika mchezo mmoja wa televisheni ulioonyeshwa na NBC, ambamo Bert Freed ndiye aliyekuwa luteni. Freed alikuwa polisi wa kawaida, wala watu hawakumkumbuka. Watunzi waliichukua hadithi hiyo hiyo wakaifanya mchezo wa jukwaani, ukaonyeshwa katika miji kadhaa mwaka 1962. Mwuaji, daktari wa magonjwa ya akili, alichezwa na Joseph Cotten, naye ndiye aliyekusudiwa kuwa mkuu wa mchezo. Luteni alipewa mzee Thomas Mitchell. Wakati wa kupiga makofi, hadhira ilimpigia luteni zaidi. Mtu wa pembeni alikuwa amemnyang'anya mwenye nyumba kiti, na watunzi walilijua jambo hilo kutoka kwa watazamaji, si kutoka katika mswada wao wenyewe. Mitchell alifariki Desemba ya mwaka huo huo.

Katika kuuandika mchezo huo wa jukwaani ndiko kulikozaliwa tendo la lugha ambalo baadaye lilikuja kuwa alama ya Columbo duniani kote. Link alisimulia kwamba onyesho moja lilitoka fupi kuliko ilivyotakiwa, na luteni alikuwa ameshaandikwa kwamba ameaga na kutoka. Kurudi nyuma na kulirefusha onyesho kungewalazimisha wapige upya kurasa nzima kwa taipureta. Wakaona uvivu. Wakamrudisha luteni mlangoni, akapiga paji la uso kama mtu aliyesahau, akasema ana neno moja tu la kuuliza. Basi kile kilichotazamwa na vizazi kuwa hila ya akili kubwa ya mpelelezi kilianza kwa sababu ya uchovu wa vidole.

Hata hivyo uvivu hauelezi kwa nini hila hiyo ilifaa. Kuaga ni tendo lenye mpaka ulio wazi. Mazungumzo yakiisha kufungwa, kila mmoja hushusha ngao yake. Aliyekuwa akichagua maneno huacha kuyachagua. Anayerudi baada ya kuaga humkuta mwenzake hana silaha, na zaidi ya hayo humkuta amebanwa na adabu, kwa kuwa si uungwana kumfungia mlango mtu aombaye radhi. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa jambo hili. Mgeni aweza kuketi saa nzima akiulizia hali, mashamba na wagonjwa, na shida yenyewe iliyomleta asiitaje mpaka amesimama, mkono u juu ya kitasa: "Lakini Bwana, kuna neno." Kwa mgeni huyo ni haya, kwa Columbo ni mtego uliovaa nguo za haya. Lililobaki ni kwamba mwuaji hawezi kulipambanua hili na lile, na mtazamaji, ambaye aweza, ndiye anayecheka.

Adabu ya luteni yastahili kutazamwa zaidi. Wauaji wa Columbo ni madaktari wa fahari, mawakili, waandishi wa vitabu, wanamuziki, watu wa nyumba kubwa. Yeye huwaita "bwana" na "bibi" bila kukoma, husifu zulia, huuliza bei ya viatu, huomba kalamu kwa sababu yake imepotea. Heshima hiyo huwafanya wajione wako juu, na mtu aliye juu huona si lazima apime maneno yake mbele ya aliye chini. Huanza kumsaidia luteni kufikiri. Humpa maelezo ya ziada ambayo hakuyaomba, na katika maelezo hayo ya ziada ndimo kosa limo. Kwa ufupi, wauaji hawa hawaponzwi na bastola wala alama za vidole kama wanavyoponzwa na kudharau.

Ni rahisi kusahau kwamba mazungumzo haya yaliandikwa kinyumenyume. Mtunzi alianza na kosa la mwuaji, kile kitu kidogo kitakachomwangusha, akalifunika. Ndipo akarudi nyuma kutunga mauaji yatakayolibeba. Kosa lilipaswa kuonekana na mtazamaji waziwazi lakini lisitambulike. Kazi hii ilikuwa ngumu kuliko kuficha jina, kwa maana mtazamaji hana fumbo jingine la kumshughulisha. Wakubwa wa NBC nao walikuwa na hofu yao: mchezaji anayelipwa kuliko wote haonekani mpaka sehemu ya kwanza imekwisha pita. Ni nani, waliuliza, atakayengoja? Watunzi hawakukubali kumtanguliza, na katika hilo walishinda.

Mwaka 1968 mchezo wa jukwaani uligeuzwa kuwa filamu ya televisheni, nao ukaonyeshwa tarehe 20 Februari. Mwimbaji mashuhuri Bing Crosby alitakiwa kuwa Columbo, akakataa. Akapatikana Peter Falk, aliyekuwa na miaka 40, ambaye watunzi walimwona kijana mno. Jicho la kulia la Falk lilikuwa la bandia tangu utoto wake, na kule kukunja uso kwake alipomtazama mtu kulionekana kama mtu asiyeelewa vizuri anachoambiwa. Koti la mvua lilikuwa lake mwenyewe, alilinunua New York siku moja mvua ilipomshika njiani. Gari bovu, Peugeot 403, alilichagua katika ghala ya magari ya studio. Filamu ya pili ilionyeshwa tarehe 1 Machi 1971, na mfululizo wenyewe ukaanza tarehe 15 Septemba mwaka huo, ukipokezana zamu na michezo mingine miwili. Zamu hizo zilikuwa neema, kwa kuwa hadithi za mwaka mzima zilikuwa chache, na kila moja iliweza kushughulikiwa kama filamu inayojitegemea.

Kipindi hicho cha kwanza cha mfululizo kiliongozwa na Steven Spielberg, aliyekuwa na miaka 24 tu, na mswada uliandikwa na Steven Bochco. Chahusu watunzi wawili wa hadithi za upelelezi ambao majina yao huandikwa pamoja juu ya vitabu, lakini mmoja tu ndiye aandikaye. Mwenzake, asiye na kipaji, amwua asije akaachwa. Kwamba hadithi hii ilitolewa katika mchezo uliobuniwa na watunzi wawili haikosi kumchekesha ajuaye. Mwanzo wake hauna muziki. Husikika mashine ya taipureta tu, ikigonga neno baada ya neno, huku picha ikimwonyesha mwuaji akikaribia kwa gari. Sauti ya kuandika imefanywa kuwa sauti ya hatari, na hapana mazungumzo ambayo yangelisema jambo hilo vizuri zaidi.

Hapa ndipo lilipozuka suala ambalo halikupata kutatuliwa: Columbo ni wa nani? Falk hakuridhika kusema yaliyoandikwa. Mbele ya kamera alipekua mifuko, akatafuta karatasi isiyokuwapo, akakatiza sentensi akauliza jambo lisilo katika mswada, ili mchezaji mwenzake achanganyikiwe kweli kweli. Alidai maonyesho yarudiwe na yarudiwe tena. Kwa kampuni, iliyohesabu siku, hii ilikuwa fedha kumwagika. Alidai pia kuongoza, akapewa kipindi kimoja, kilichoonyeshwa Februari 1972, ambacho kilijaa maonyesho ya mahali pa ujenzi, kazi ambayo hakuna mwongozaji mgeni angeitamani. Baada ya msimu wa kwanza Levinson na Link waliacha usimamizi wa kila siku. Yaonekana haki imegawanyika. Watunzi ndio waliompa luteni sarufi yake, yaani kuaga na kurudi, kusifu na kuuliza. Falk ndiye aliyempa lafudhi, kusitasita, na kule kupotea katikati ya maneno. Mswada ukisomwa bila Falk wachekesha kidogo. Falk bila mswada huo ni mtu anayetafuta penseli.

Kwa mfasiri mchezo huu una mitego kuliko inavyodhaniwa. Yale maneno ya mlangoni, yakifasiriwa kwa Kiswahili kwa "kitu kimoja tu", huelekea kwenye vitu vya kushikwa mkononi. "Jambo moja tu" ni zito, laonya kwamba habari kubwa yaja, na Columbo hatakiwi kuonya. "Neno moja tu" lafaa kuliko yote mawili. Ni jepesi, lina desturi katika mazungumzo ya wazee, na tena ni kweli tupu, kwa kuwa atakachokitoa ni neno na atakachokipokea ni neno.

Mgumu zaidi ni mke. Columbo humtaja mkewe karibu kila siku: anapenda muziki huu, amesoma kitabu kile, atafurahi sana kusikia kwamba luteni ameonana na bwana mkubwa. Mtazamaji hamwoni kamwe wala hajui jina lake. Kwa Kijapani, mchezo ulipoanza kuonyeshwa na NHK mwaka 1972, mfasiri hakutumia neno la kawaida la mke. Alichagua "uchi no kamisan", msemo wa nyumbani wa watu wa mjini wasio na makuu, na msemo huo ukashikamana na luteni huko Japani hata ukawa kama jina lake la pili. Ilikuwa busara, maana neno moja lilieleza tabaka, mapenzi na unyenyekevu pamoja. Kiswahili nacho kina utajiri wa njia za kumtaja mke bila kumtaja. "Mke wangu" ni sahihi lakini ni kavu. "Mama watoto" lina joto linalotakiwa, ila huwahesabia watu watoto, na watunzi walikusudia nyumba ya luteni ibaki gizani. "Watu wa nyumbani" huficha hata idadi, na huko ni kuficha kupita kiasi, kwani mwuaji lazima aamini kwamba yupo mwanamke mmoja mahali fulani apendaye kitabu chake. Pengine mfasiri angelazimika kutumia "mama" pekee, "mama huko nyumbani", na kumwachia msikilizaji afahamu.

Kwamba mke huyo aliishi ndani ya lugha tu lilithibitishwa kwa gharama. Mwaka 1979 NBC iliamua kumwonyesha, ikatengeneza mfululizo juu ya Bibi Columbo, akichezwa na Kate Mulgrew. Levinson na Link walipinga. Falk naye hakupendezwa. Watazamaji waliokuwa wamemsikia kwa miaka hawakumtambua mwanamke waliyeonyeshwa. Jina la mfululizo lilibadilishwa, bibi mwenyewe akaelezwa kuwa ameachana na mumewe na kupewa jina jingine la ukoo, na baada ya vipindi 13 ukakomeshwa mwaka 1980. Mwaka 1989 Columbo alirudi katika televisheni ya ABC, akaendelea mpaka mwaka 2003, akafikisha vipindi 69 kwa jumla. Koti lilikuwa lile lile au mfano wake, na katika mazungumzo yake mke alikuwapo tena nyumbani, haonekani, akiwa na maoni juu ya kila kitu.