Kaanguka na bodaboda, anaongea vizuri: Kwa nini daktari anaagiza CT scan?

Aliyeanguka na bodaboda anaweza kusimama, kujikung'uta vumbi na kusimulia ajali yote. Nyumbani wanashukuru, wanampa chai, wanamwacha alale. Saa chache baadaye analalamika kichwa, anatapika, kisha anaamshwa haamki.

Madaktari wa ubongo wanaifahamu vizuri hali hii. Pigo la juu ya sikio, ambako mfupa ni mwembamba, huweza kupasua mshipa wa damu uliopo chini yake. Damu hujikusanya taratibu kati ya fuvu na utando unaofunika ubongo. Fuvu halitanuki, hivyo ubongo ndio unaobanwa. Ikigundulika mapema, upasuaji huweza kumwokoa.

Eksirei ya kawaida huonyesha mfupa uliovunjika, si damu iliyovilia ndani. CT scan hupitisha mionzi kuzunguka kichwa, na kompyuta hutoa picha za ubongo kipande kwa kipande, mfano wa mkate uliokatwa. Damu mbichi huonekana nyeupe. Kipimo huchukua dakika chache, hakiumi. Mgonjwa anatakiwa kutulia tu.

Hata hivyo, si kila aliyegonga kichwa hukihitaji, kwa kuwa mionzi nayo ina madhara yake, hasa kwa watoto. Daktari huanza kwa kupima fahamu kwa alama 3 hadi 15, akiangalia mgonjwa anavyofumbua macho, anavyoongea na anavyosogeza viungo.

Familia isisubiri asubuhi ikiona dalili hizi:

• Alipoteza fahamu, hata kwa muda mfupi, au hakumbuki ajali.
• Anatapika zaidi ya mara moja.
• Kichwa kinazidi kuuma, au anasinzia isivyo kawaida.
• Amepata degedege, au upande mmoja wa mwili umelegea.
• Mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine.
• Damu au majimaji yanatoka puani au masikioni.

Mwenye umri wa miaka 65 na zaidi, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, apelekwe hata kama dalili hazipo.

Mashine hii haipo katika kila zahanati, hivyo ndugu waulize mapema kuhusu rufaa. Na majibu yakiwa mazuri, mgonjwa bado asiachwe peke yake kwa saa 24 za mwanzo. Asinywe pombe wala dawa za usingizi, na dalili ikijitokeza arudishwe hospitali mara moja.