Simanzi Haiishi Jamvi Likikunjwa



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), wiki hii tuliangalie neno moja la lugha yetu: simanzi. Twalisikia katika kila tanzia, kwamba simanzi imetanda. Kisha jamvi la matanga hukunjwa, na neno nalo hukunjwa pamoja nalo.

Waswahili hawakosi maneno ya moyo ulioumia: sikitiko, huzuni, majonzi, jitimai, simanzi. Hayalingani uzito. Mtu husikitika akikosa safari, na huhuzunika mwanawe akianguka mtihani. Simanzi ni huzuni iliyozama, imtiayo mtu unyonge na ukimya. Tena huzuni ina kitenzi chake, kuhuzunika. Simanzi haina kitenzi kilichozoeleka. Twasema fulani ameingiwa na simanzi, amejaa simanzi, amegubikwa na simanzi. Simanzi humjia mtu, hakuitenda yeye. Kumwambia aliyefiwa "acha simanzi" ni sawa na kumwambia aliyenyeshewa aizuie mvua.

Wapo wadhanio kuwa simanzi ni upungufu wa imani. Sivyo. Kurani yatueleza kuwa macho ya Nabii Yaakub (A.S.) yaligeuka meupe kwa huzuni ya kumkosa Yusuf, naye ndiye aliyeshika subira njema. Mtume wetu alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi, na ulimi wake haukutamka ila limridhishalo Mola. Mwaka wa 10 wa utume, aliofiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib, wajulikana katika sira kuwa Mwaka wa Huzuni. Lililokatazwa ni kupiga mayowe, kupasua nguo na kumlaumu Mola. Moyo kuuma hakukukatazwa.

Sasa tujitazame. Sheria imempa mjane asiye na mimba eda ya miezi 4 na siku 10. Sisi mara nyingi twampa siku 3. Siku hizo nyumba hujaa watu; siku ya nne kizuka hubaki na kuta zake. Tukimuuliza hali, hujibu "Alhamdulillahi", nasi twalichukua neno hilo la shukrani kuwa ni dalili ya kupona. Simanzi haipigi kelele, na asiyeketi nayo haisikii.

Miaka baada ya Bi Khadija kufariki, Mtume alikuwa akichinja na kuwapelekea marafiki zake nyama. Hakuona haya kumtaja. Basi nanyi, akina mama na mabinti, mwendeeni kizuka siku ya 20, na ya 60, na ya 100. Pelekeni chakula kidogo, mtajeni marehemu kwa wema, na mwacheni alie bila kuhesabiwa machozi.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na awateremshie utulivu wote walioingiwa na simanzi. Amin.