Kumfundisha Mwanafunzi wa Uzamili Kutafiti Familia

Mwanafunzi wa uzamili anayepima sukari ya damu anaweza kurudia kipimo akikosea. Anayeuliza kuhusu ndoa hana nafasi hiyo: mume akisikia swali moja kutoka chumba cha pili, mama aliyehojiwa huenda akapigwa usiku huohuo. Kwa hiyo mafunzo ya utafiti wa mahusiano ya familia na afya huanza na usalama, kisha takwimu.

Mfano mwema ni utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo, na kutolewa mwaka 2005. Katika kila kaya alihojiwa mwanamke mmoja tu, faraghani. Wahoji walitaja matendo, kama vile kupigwa kofi au kusukumwa, kwa kuwa wengi waliotendewa hayo hawayaiti ukatili. Miongoni mwa wanawake waliowahi kuwa na mwenzi, asilimia 41 jijini Dar es Salaam na 56 mkoani Mbeya walisema mwenzi amewahi kuwafanyia ukatili wa kimwili au wa kingono.

Mwanafunzi hujifunza pia kubadili mazungumzo mtu anapoingia, na kujua mapema atamwelekeza wapi mhojiwa anayehitaji msaada. Nawe msomaji, ukiombwa kuhojiwa, una haki ya kuuliza jinsi majibu yako yatakavyotunzwa, kuruka swali au kusitisha mahojiano, na matibabu yako yasiathirike kwa lolote.