Mapunye: mbona krimu haiponyi?

Bila shaka umewahi kuona mtoto mwenye mabaka ya mviringo kichwani, nywele zimekatika na ngozi inatoa magamba meupe. Hayo ni mapunye. Mzazi anakimbilia duka la dawa, anauziwa krimu, anapaka wiki 3. Baka linafifia, halafu linarudi. Mbona krimu hiyohiyo inaponya choa cha mkononi?

Jibu liko kwenye unywele. Fangasi wa mapunye hula keratini, protini inayojenga ngozi, kucha na nywele. Kichwani hushuka hadi ndani ya kinyweleo na kuuvamia unywele wenyewe. Krimu haifiki huko, inaishia juu. Ndiyo maana mtoto anahitaji dawa ya kumeza, inayosafiri kwenye damu hadi pale nywele zinapoota.

Dawa ipi? Inategemea fangasi. Griseofulvini inawaweza zaidi jamii ya Microsporum. Hutumika wiki 6 hadi 8 au zaidi, na hufyonzwa vizuri ikimezwa na maziwa au chakula chenye mafuta. Kwa Trichophyton, terbinafini ndiyo bora, mara nyingi wiki 4. Dozi hufuata uzito wa mtoto, kwa hiyo usikisie.

Kuwatambua, mtaalamu hukwangua magamba, hung'oa vinywele vilivyokatika na kuvitazama kwa hadubini. Kuwaotesha maabara huchukua wiki kadhaa. Ipo pia taa ya Wood, inayofanya baadhi ya Microsporum wang'ae kijani. Lakini Trichophyton wengi hawang'ai, kwa hiyo taa isipoonyesha kitu, usiseme mtoto ni mzima.

Sasa hapa ndipo pa hatari. Wakati mwingine mwili hupambana na fangasi kwa nguvu mpaka kichwa kinavimba, kinauma na kutoa usaha. Watu hudhani ni jipu, wanalipasua. Usipasue! Mpeleke hospitali mapema, maana kovu likibaki, nywele haziwezi kuota tena mahali hapo.

Nyumbani, shampuu ya ketokonazoli hupunguza kuambukiza wengine, ila haitibu peke yake. Kagua vichwa vya ndugu zake, msichangie vitana wala kofia, na mwambie kinyozi asafishe mashine kwa dawa. Shule aendelee nayo akishaanza matibabu.

Na ukiona nywele zinaanza kuchipua, usikatishe dawa. Mmalizie dozi.