Ganda lenye shingo, na hesabu ya risasi tano

Leo sitaandika juu ya kazi wala juu ya concours. Nitaandika juu ya maganda manne ya risasi yaliyotoka mfukoni mwa kijana mmoja hapa Kalemie.

Ilikuwa Jumamosi, nimekaa Kataki mbele ya duka la rafiki yangu, fundi cherehani. Tumekua pamoja. Kijana akaja kufupishiwa suruali. Ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, anajua mimi nafundisha fizikia na kemia sekondari, kwa hiyo akatumia nafasi. Akatoa yale maganda, akayapanga juu ya meza ya cherehani.

“Yaya, hii maganda ikishapigwa, haiwezi kujazwa tena? Kuna mtu ananunua. Mimi nikasema, kama ni kemia tu, na kemia tunasoma...”

Fundi akasimamisha mguu kwenye pedali. Hakusema kitu. Mimi nikaanza kujibu, na jibu likawa refu kuliko suruali.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Watu wengi wanasema “risasi” kwa vitu vinne tofauti. Kuna risasi yenyewe, ile ncha inayoruka. Kuna ganda. Kuna baruti ndani ya ganda. Na kuna fataki, kale kasahani kadogo kwenye kitako, kanakopigwa na pini ya bunduki. Fataki inawaka kwa kugongwa, baruti inawaka kwa moto wa fataki, gesi inasukuma ncha. Ganda watu wanalidharau kwa sababu linabaki chini baada ya kelele, lakini lenyewe ndilo lenye kazi ngumu. Wakati baruti inawaka, mkandamizo ndani ya ganda la bastola ya aina hii unapita mara 2,000 ule wa hewa tunayopumua. Ganda linatanuka, linajibana kwenye kuta za chuma za bunduki, linaziba gesi isirudi usoni mwa mpigaji. Kisha linanywea kidogo ili liweze kutoka. Yote hayo kabla jicho halijapepesa.

Maganda ya kijana yalikuwa na urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na yalikuwa na shingo, sawa vile chupa ya bia. Maganda mengi ya bastola hayana shingo, yamenyooka kama kopo. Hii ya chupa ina ukoo wake. Mwaka 1893 fundi Hugo Borchardt alitengeneza bastola yenye ganda la namna hiyo. Mauser wakalifuata katika bastola yao ya 1896. Warusi nao wakalichukua karibu kama lilivyo kwa bastola ya Tokarev, miaka ya 1930. Kutoka huko likasambaa China na Ulaya ya mashariki, na kutoka huko, si mnajua njia za silaha, likafika hadi maziwa yetu.

Kwa nini shingo? Ganda pana linabeba baruti nyingi, na shingo nyembamba inashika ncha ndogo. Ncha ya Tokarev ina gramu tano na nusu hivi, inatoka kwa zaidi ya mita 400 kwa sekunde. Ile ya milimita 9 ina gramu nane hivi, inatoka kwa mita 350 hivi. Ninyi wa fizikia fanyeni ½mv² muone: nguvu zinakaribiana, ila moja imewekeza kwenye mwendo, nyingine kwenye uzito. Na hiyo ya milimita 9, kumbe, nayo ilizaliwa kutoka ganda la chupa: Georg Luger alikuwa na ganda lenye shingo la 7.65, akaipanua shingo mpaka ikapotea.

Sasa tatizo la kujaza tena liko palepale kwenye shingo. Ganda lililonyooka likitanuka, limetanuka upande mmoja tu, kwenye unene. Lenye shingo linatanuka kwenye mwili, kwenye bega na kwenye shingo, na kila sehemu ina kipimo chake. Bega ndilo linaloamua ganda likae umbali gani ndani ya bunduki. Likirudishwa nyuma kidogo tu kupita kipimo, ganda lina nafasi ya kucheza. Likipigwa linavutwa mpaka linaweza kukatika. Likibaki mbele, bunduki haifungi. Tunazungumza juu ya sehemu za kumi za milimita, si juu ya jicho na nyundo. Viwandani, na kwa wawindaji wa Ulaya na Marekani wenye ruhusa, kuna vibanio vya chuma kigumu kwa kila aina ya ganda, mizani, na vitabu vya vipimo vilivyojaribiwa maabara.

Halafu kuna madini yenyewe. Sisi watu wa Katanga ya zamani tunajua shaba. Jimbo letu liliitwa hata Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Ganda zuri ni shaba sehemu 70 na zinki sehemu 30. Mchanganyiko huo una tabia ya kunyumbuka, lakini kila ukiukunja unakakamaa, na siku moja unapasuka shingoni. Unaweza kulainishwa kwa moto, ila moto ukifika kwenye kitako umeharibu sehemu inayobeba mkandamizo wote.

Hapo fundi akainuka, akaleta sumaku yake ya kuokotea sindano. Akaiweka karibu na ganda moja tupu. Tak! Likaganda. La pili, tak! Kijana akashangaa, maana rangi ilikuwa ya shaba kabisa.

“Ni chuma,” fundi akasema. “Wameipaka rangi tu. Huyo mnunuzi wako akijua, hakulipi kitu.”

Na kweli, viwanda vingi vya upande wa Mashariki vilitengeneza ganda la chuma na kulipaka shaba au vanishi. Chuma hicho kilikusudiwa kutumika mara moja. Fataki zake nazo mara nyingi ni za aina ambayo kuitoa kwenye kitako ni shida peke yake, kwa sababu fuawe yake ndogo ni sehemu ya ganda na moto unapita kwenye vitundu viwili vya pembeni.

Kijana hakukata tamaa. Akasema, “Lakini wakati wa vita watu wanafanya. Wanakosa vitu, wanatengeneza.” Hapo akanigusa, kwa sababu hiyo ni hadithi ninayoipenda, na ni hadithi ya kona yetu ya dunia.

Mwaka 1914 Wajerumani wa Afrika ya Mashariki walikuwa ng’ambo ya ziwa letu, na Wabeljiji walikuwa hapa, kwenye mdomo wa Lukuga. Mwezi Agosti mashua ya Kijerumani Hedwig von Wissmann ilikuja kuipiga meli ya Wabeljiji, Alexandre Delcommune. Bahari ilizibwa na manowari za Waingereza, na koloni ile haikuwa na kiwanda cha risasi. Januari 1915, kule Jassin karibu na Tanga, jemadari wao Lettow-Vorbeck alishinda vita, lakini askari wake walitumia kama risasi 200,000. Akapiga hesabu akaona ushindi wa namna hiyo hauwezi kurudia mara nyingi.

Aprili 1915 meli Rubens, iliyojifanya ya Denmark, ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa na bunduki na risasi. Manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaishambulia, nayo ikawaka moto. Waingereza wakaondoka wakidhani imekwisha. Wapiga mbizi wakatoa shehena chini ya maji. Furaha ilikuwa kubwa, ila kulikuwa na kasoro moja: risasi zilikuwa zimekunywa maji ya chumvi. Mwanzoni nyingi zilifanya kazi. Kisha, polepole, baruti na fataki zikaanza kuoza ndani ya maganda, na zile zisizolia zikaongezeka.

Basi wakafanya kile ambacho kijana wetu anakiota. Kule Moshi mpya, askari wote waliopatikana waliwekwa kazini asubuhi hadi jioni, kwa miezi, wakifumua risasi moja moja, wakisafisha baruti, wakibadilisha fataki pale ilipowezekana. Fataki walizozipata humo koloni zilikuwa za aina nyingine, si zile zilizotakiwa. Na maganda yale yalikuwa ya shingo, ya bunduki ya Mauser. Ebu fikirini: walikuwa na jeshi zima, mafundi, vifaa, na maganda yale hayakuwa hata yamepigwa, kwa hiyo mabega na shingo vilikuwa bado kwenye kipimo. Matokeo? Lettow-Vorbeck mwenyewe ameyaandika kwenye kumbukumbu zake. Zile zilizokosa kulia kama 20 kwa mia ziliitwa nzuri, zikapelekwa vitani. Zilizokosa zaidi ya hapo zilibaki za mazoezi.

Nikamwambia kijana achukue kalamu. Bunduki ile inabeba risasi tano. Kila moja ina nafasi 0.8 ya kulia. Zote tano zilie bila kukosa ni 0.8 mara tano zenyewe kwa zenyewe, yaani 0.33 hivi. Katika askari watatu, wawili watavuta kifyatulio mbele ya adui angalau mara moja, wasikie “klik”. Na hizo ndizo zilikuwa bora!

Risasi ambazo hazikuguswa na maji ziliwekwa kwa bunduki za mashine peke yake. Sababu ni nzuri kwa darasa: mzinga wa Maxim unajiendesha kwa nguvu ya risasi iliyotangulia. Risasi moja ikinyamaza, mashine yote inasimama mpaka mtu aivute kwa mkono. Kwenye mkanda wa risasi 250, asilimia 20 ni kusimama mara 50 hivi. Hiyo si bunduki ya mashine tena.

Mwishoni hawakutegemea kujaza tena. Walitegemea kunyang’anya. Novemba 1917 waliishinda ngome ya Wareno ya Ngomano, wakabeba bunduki na risasi zao. Walipoweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 kule Abercorn, leo Mbala, juu tu ya ncha ya kusini ya ziwa letu, bunduki nyingi walizotoa zilikuwa za Kireno na Kiingereza.

Nilidhani nimemaliza. Fundi ndiye aliyekuwa hajamaliza. Akaweka mkono wa kushoto juu ya meza, kando ya maganda. Vidole vitatu.

Tulikuwa mwaka wa sita wa shule ya msingi. Tuliokota mitraye, ndivyo tunavyoita hapa vyuma vikuukuu, karibu na kiwanda cha zamani cha Filtisaf, tukauza kwa kilo. Kwenye gunia kulikuwa na risasi moja nzima, kijani kwa kutu. Mnunuzi alitaka shaba tu. Mwenzangu akaiweka juu ya jiwe, akaigonga kwa nyundo ili ncha itoke. Mimi nilikuwa nimeshika gunia, hatua nne nyuma. Watu wanafikiri hatari ni ncha kuruka. Nje ya bunduki ncha hairuki mbali, kwa sababu hakuna mtutu wa kuielekeza wala kuta za kulibana ganda. Kinachopasuka ni ganda lenyewe, na vipande vyake vinakwenda kila upande kama wembe. Sitaeleza zaidi. Mama yake alikuja akikimbia na kitenge mkononi, akafungia mkono kwa kile kitenge mpaka hospitali.

“Sasa angalia hiyo ya nne,” fundi akamwambia kijana.

Sote tulikuwa tumeona maganda manne. Matatu yalikuwa matupu. La nne lilikuwa bado na ncha yake, nami mwalimu wa fizikia nilikuwa nimehesabu bila kutazama. Nikainama bila kuligusa. Kitakoni, kwenye fataki, kulikuwa na kishimo: pini ilikuwa imeshaipiga, haikulia. Ni ndugu wa zile za 20 kwa mia. Risasi iliyokataa si risasi iliyokufa. Fataki bado imo, baruti bado imo, na hakuna anayejua ni kitu gani kidogo kilichobaki ili iamke. Kijana alikuwa ametembea nayo mfukoni, pamoja na funguo, kutoka nyumbani.

Tukawaondoa watoto waliokuwa wakicheza pale. Tukaacha meza ilivyo, tukatoka sote nje. Nikampigia simu chef wa quartier. Nilimweleza kijana pia kwamba sheria yetu ya silaha, ya mwaka 1985, haitofautishi sana kati ya mwenye bunduki na mwenye risasi mfukoni bila ruhusa, lakini nafikiri hakunisikia. Alikuwa anatazama mkono wa fundi. Jioni polisi wawili walikuja, mmoja mzee, akaitazama ile ya nne kwa muda mrefu kabla ya kuamua afanye nini.

Fundi alipoteza saa tano za kazi siku hiyo, siku ya soko. Suruali bado iko kwake, imeshafupishwa na kupigwa pasi. Mwenyewe hajarudi kuichukua. Kama anasoma hapa, arudi tu, hakuna atakayemuuliza kitu. Ni faranga elfu mbili.