Akili Isiyotulia: Baina ya Ratiba na Udadisi

Yupo mwanafunzi ambaye macho yake humfuata ndege aliye dirishani wakati wenzake wanafuata ubao. Husahau kalamu, huacha hesabu katikati, humkatiza mwalimu maneno. Lakini akipewa redio iliyoharibika huichunguza tangu adhuhuri hadi jua kuchwa pasipo kukumbuka chakula. Wengi humwita mtukutu au mvivu. Wataalamu wa tiba huiita hali yake kasoro ya umakini na utulivu, yaani ADHD, ikiwa dalili zilianza kabla ya umri wa miaka 12, zimedumu miezi 6 au zaidi, zaonekana nyumbani na shuleni pia, na zinamdhuru. Si kila mtoto mtundu anayo.

Mnamo mwaka 1902 George Still, daktari wa watoto wa Kiingereza, alihutubu mjini London juu ya watoto wenye akili timamu walioshindwa kujizuia, akaona kuwa kilichopungua kwao ni uwezo wa kimaadili. Utafiti wa baadaye umeelekea kwingine. Uchunguzi wa mapacha umeonyesha kuwa asilimia 70 hadi 80 ya tofauti baina ya watu katika tabia hizi hutokana na urithi. Aidha, kemikali ya ubongo iitwayo dopamini inahusika. Nayo ndiyo husaidia kuupa jambo uzito wa kulifuatilia. Jambo jipya hujivutia lenyewe, lililozoeleka halijivutii. Kwa hiyo umakini wa mtu huyu haukosekani, ila hautii amri yake. Fimbo, bila shaka, haiongezi dopamini.

Ushahidi mmoja wa kufikirisha ulitoka kaskazini mwa Kenya mwaka 2008, miongoni mwa Waariaal, wafugaji ambao baadhi yao wamehamia makazi ya kudumu. Jeni ya kipokezi kimojawapo cha dopamini ina kipande kinachojirudia, na nakala yenye marudio 7 imehusishwa na kupenda mapya na, kwa kiasi kidogo, na ADHD. Wanaume wenye nakala hiyo waliokuwa wakihamahama walikuwa na afya ya mwili bora kuliko wenzao. Waliotulia mahali pamoja walikuwa na afya duni kuliko wenzao. Wachunguzi hawakuwapima ADHD, na jeni moja haitoshi kuileta; hata hivyo, yaelekea tabia ile ile yaweza kufaa huku na kudhuru kule.

Darasa hufanana na makazi ya kudumu. Hapo ratiba iliyobandikwa ukutani hubeba mzigo ambao kumbukumbu haiuwezi: agizo moja kwa wakati, kazi iliyokatwa vipande vya dakika 15, kiti cha mbele. Lakini ratiba nayo huchakaa. Upya wake ukiisha, mwenye ADHD haioni tena. Inafaa saa za kazi zibaki zile zile, bali namna ya kazi ibadilike: leo kuandika, kesho kumfundisha mwenzake. Swali linalozuka katikati ya somo liandikwe pembeni mwa daftari, litafutiwe jibu jioni. Penye daktari aliyebobea, dawa huwasaidia wengi. Wengine huendelea na hali hii utu uzima wao wote, wakichagua kazi ambazo kila siku huleta jambo lisilotazamiwa.